Kuku chini ya kiti

Harufu ya maranda ya paini imenirudisha Mafinga, siku mama alipoleta kiti kipya kutoka dukani Iringa mjini.

"Hiki ndicho kiti," alimwambia fundi seremala, jirani yetu aliyekuja kutusaidia kukibeba. "Vya hapa kwetu vinalegea mapema."

Fundi aliguna tu, akakipindua kipite mlangoni. Nikapigwa na butwaa. Chini ya ubao wa kukalia palikuwa na kuku wa penseli mwenye miguu mitatu. Nilimchora mwenyewe, nikicheza kwenye karakana ya fundi.

"Mama! Kuku wangu!"

Mama alimtazama kuku, akamtazama fundi, mdomo wazi.

Fundi alikuwa bado amekishikilia kiti. Akauliza kwa upole, "Tukiweke wapi, mama?"