Shangazi wa Mtoto wa Tonga

"Bi Sihaba siku hizi anavaa mkeka," Flavia aliniambia, vidole vyake viko kwenye nywele za mteja. Ni jirani yetu, anasuka ghorofa ya chini hapa Dengfeng, mtaa wetu huku China. "Kaufunga kiunoni kama khanga. Huko Tonga alikokwenda msibani kachukua mashetani, Mama Shifa. Mtoto usimpeleke tena kwake."

Nilimpeleka. Bi Sihaba ndiye aliyenipokea nilipokuja China kumfuata mume wangu, na ndiye aliyemwogesha Shifa alipozaliwa. Yeye hakujaliwa mtoto. Kwao Unguja mama yao alifariki mapema, yeye ndiye akamlea mdogo wake Ussi, akamsomesha kwa nguo alizokuwa akinunua huku, soko la Shahe, na kupeleka nyumbani. Ussi naye alipokuja huku alipata laoban, bosi wa Kichina mwenye duka Tonga, nchi ya visiwa mbali huko Pasifiki. Akaenda kumuuzia dukani, akaoa huko huko. Mwaka huu gari likamgonga, akafa.

Nilimkuta Bi Sihaba amekaa sakafuni. Mkeka upo kweli, mlaini, umefungwa kwa kamba juu ya dera lake.

"Flavia keshakwambia nimepagawa?"

"Kasema una mashetani."

"Mwambie ni mmoja tu, na hasumbui." Akacheka kidogo, kisha uso ukamrudi chini. "Kule mtu akifiwa anavaa hivi."

Bi Sihaba alifika Tonga Ussi keshazikwa. Aliwakuta ndugu wa mke wa Ussi nje, wamejifunga mikeka mikubwa iliyochanikachanika, wanapika, moshi umewajaa machoni. Akakaa nao aoshe viazi vikuu, kama afanyavyo mtu kwenye msiba wa kwao. Wakashtuka. Wakamshika mikono, wakamrudisha ndani, wakamkalisha mbele ya watu wote.

"Kwao dada wa mwanamume ndiye mkubwa," aliniambia. "Upande wa mke ndio wahangaikaji. Mkeka mzuri wangu, chakula kizuri changu. Sijapata kuheshimiwa vile maishani, nami nilitaka kuosha viazi tu, nilie."

Nikamuuliza mtoto aliyeachwa na Ussi anaendeleaje. Ni mdogo kuliko Shifa, bado ananyonya.

"Mzima. Shangazi ndiye anayempa jina. Na akimtaka, anapewa."

"Umemwomba?"

"Jana, kwa simu. Kwa Kiingereza changu hiki cha kuungaunga."

"Mama yake kasemaje?"

"Kasema ndiyo."

"Alisema vipi?"

Akanyoosha ukingo wa mkeka uliokuwa umenyooka tayari. "Alinyamaza, halafu akasema ndiyo. Kwao shangazi hakataliwi, Mama Shifa. Ningeomba hata nyumba."

Shifa alianza kulia, nikampa ziwa. Nikamfikiria yule msichana, mjane wa Ussi, maziwa yatakavyomjaa mpaka yalowanishe nguo, na wa kuyanyonya hayupo. Nilitaka kusema. Lakini huyu mbele yangu naye kafiwa, na hata udongo wa kaburi hakuuwahi.

"Yule mtoto ana paji la uso la Ussi," alisema. "Ussi hakuniachia kingine."

Alikuwa akimtazama Shifa anavyonyonya. Kisha akasogea mpaka magoti yetu yakagusana, akaongea polepole, kama mtu aombaye chumvi kwa jirani.

"Nikimleta, Mama Shifa, utaninyonyeshea?"