Nilimtukana Marehemu Nikidhani Ananitania

Wakuu, niliambiwa rafiki yangu amekufa, nikacheka kwenye simu mpaka nikakaa chini.

Siyo kwamba sina utu. Someni mpaka mwisho ndiyo mnihukumu.

Kila nikiweka picha za Kigamboni, watu wananijaa: "Mahona, tupe viwanja vya maana kule ufukweni. Tunakuja kula bata, tusije tukapigwa."

Leo najibu. Ila yote ninayoyajua kuhusu baa za kule nilifundishwa na mtu ambaye hakuwahi kunywa hata bia moja.

Uwesu. Mzaramo, muuza pweza. Kila jioni alizunguka baa zote za ufukweni, sinia kichwani, kopo la pilipili mkononi.

Mimi ni Mnyamwezi wa Ipole, huku Sikonge. Narina asali, naipeleka Dar kila baada ya miezi miwili.

Siku tuliyokutana nilikuwa nimesimama barabarani kama nimepotea, sijui niingie baa gani.

"Kabila gani wewe?" akaniuliza.

"Mnyamwezi."

Akatua sinia. "Alhamdulillahi, mpagazi wetu kafika! Beba hili. Babu zako walibeba mizigo ya babu zangu toka Tabora mpaka pwani."

"Babu yako alikuwa na mzigo gani? Mkeka wa kulalia mchana?"

Watu wakaangua kicheko. Kwa wasiojua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Tunatukanana, tunanyang'anyana, na hakuna ruhusa ya kununa.

Sinia nililibeba. Tukazunguka baa saba, huku ananipa somo.

"Hiyo muziki mkubwa kuliko watu, pita. Hii angalia wahudumu wanakula wapi. Wakitoka nje kununua chipsi, jikoni kwao pana mambo. Chupa ifunguliwe mbele ya macho yako. Na ukiona wanamfukuza muuza pweza, toka. Watakufukuza na wewe ukiishiwa."

Hayo ndiyo majibu yenu, na hayajawahi kuniangusha.

Tangu siku hiyo, kila nikifika Kigamboni alikuwa anaifungua ndoo yangu bila kuomba, anachovya kidole, analamba.

"Asali ya Wanyamwezi chungu kama shubiri," anasema. Halafu anachovya tena.

Siku moja tu aliongea bila masihara.

"Mtani, siku yangu usije kulia. Waliaji watakuwepo wengi. Wewe uje unizomee, uzuie jeneza mlangoni, mama yangu acheke kidogo. Niahidi."

Nikaahidi. Ndiyo kazi ya mtani msibani, na hakuna mwingine wa kuifanya.

Sasa, mwaka jana mkewe Najiat alinipigia analia. "Shemeji, Uwesu katutoka."

Nikapanda treni Tabora na ndoo yangu. Tunafika stesheni ya Tura bado nalia, abiria wananipa pole na maji ya kunywa.

Nafika Kigamboni, mwamba huyu hapa! Amekaa barazani anakula wali.

"Lete rambirambi!"

Mtaa mzima ulivunjika mbavu. Nusu ndoo ya asali ikaenda hivyo hivyo. Nilicheka na mimi, ila moyoni nikaapa kuwa hanipati tena.

Mwaka huu, mwezi wa saba, Jumamosi saa tatu asubuhi. Niko porini na kaka yangu Kasimiri, tunashusha mizinga. Simu inaita, namba ya Uwesu. Ni Najiat, analia.

"Shemeji, Uwesu katutoka. Alfajiri hii. Kifua kilimbana."

Maneno yale yale! Nikacheka mpaka nikakaa chini.

"Mwambie safari hii afe vizuri!" nikapaza sauti. "Na wapagazi tumegoma, atembee mwenyewe mpaka makaburini!"

Halafu nikasikia watu wengi kama wanacheka, simu ikakatika.

Si nilisema? Kijiwe kizima kilikuwa pale kinanisikiliza.

"Na kama ni kweli?" Kasimiri akauliza.

"Kamba hiyo." Nikapanda mtini. Tulikosonga mbele hakuna mtandao, na wala sikujali.

Jumapili jioni tulitoka porini. Nikamtumia sauti: "We maiti, umeshafika makaburini?"

Ujumbe ukarudi. "Tumeshamzika, shemeji. Leo saa kumi."

Chini yake picha. Udongo mbichi, kaka zake wamesimama wameinamisha vichwa.

Mzaramo anatania kwa kila kitu, ila hachimbi kaburi kwa utani. Nililia pale kando ya barabara, waendesha baiskeli wanapita wananishangaa. Sijawahi kuumia vile.

Nikapanda basi na ndoo yangu. Nikafika Kigamboni, nikaitua uani.

Hakuna aliyeigusa.

Najiat alikuwa ndani, ameanza eda. Mama yake Uwesu alikuwa ameketi mkekani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtani, ulipita njia gani? Tulikusubiri."

Sikumwelewa.

"Najiat aliweka simu sauti ya juu," akasema. "Msiba mzima tulikusikia. Tangu alfajiri nilikuwa sijafungua mdomo, ila uliposema wapagazi mmegoma, nilicheka. Wazee wakasema, mtani kashajibu, basi yuko njiani. Kwani mtani anamtukana maiti halafu anabaki kwao?"

Nikaketi ukingoni mwa mkeka.

"Ilikuwa azikwe Jumamosi alasiri, tukamlaza mpaka Jumapili. Tunakupigia, hupatikani, tukasema yuko kwenye basi. Kila basi la Tabora likiingia, mtu yuko stendi. Jeneza tuliliweka mlangoni, maana wewe ndiye wa kulizuia. Mwisho sheikh akasema basi, inatosha."

Uongo ulinijia mpaka kwenye ulimi. Basi liliharibika. Nani angejua?

"Mama, sikuwa njiani," nikasema. "Nilidhani ananitania."

Nikangoja anifukuze, na ningeondoka.

"Fungua hiyo ndoo," akasema. "Faini ya kuchelewa."

Nikafungua. Akachovya kidole, akalamba.

"Asali ya Wanyamwezi," akasema, "chungu kama shubiri."

Mara ya pili hakuchovya. Alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Na mimi niliyeahidi kutolia nikalia kuliko wote.

Kwa hiyo wakuu, baa mnazo, mkaangalie wahudumu wanakula wapi. Ila mkipigiwa simu ya msiba, hata kama mpigaji amewahi kuwadanganya mara mia, nendeni. Mkikuta mmechezewa, chekeni mrudi nyumbani.

Mimi ningetoa mizinga yangu yote ya Ipole nifike pale nimkute anakula wali.