Seredani Chumbani kwa Mzazi

"Mkaa huu umewapasha moto wanangu wote, mama yako akiwamo. Vipi leo uwe sumu?" Bibi aliniuliza hivyo hospitalini Nizwa, Omani, mimi mwenye shahada ya historia.

Dada yangu alikuwa ndani ya arubaini, amejifungua binti, na baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Mama alikuwa kazini Maskati, basi Bibi, aliyekulia Unguja mjini, ndiye aliyemlea mzazi. Kila baada ya kumfukiza udi aliiacha seredani ya makaa karibu na kitanda, akafunga madirisha, akabana khanga chini ya mlango ili upepo wa mlimani usipite.

Kila asubuhi tulikuwa tukitazama tamthilia ya Kikorea, ya mtaa mmoja wa Seoul miaka ya themanini. Bibi hakuweza kufuata maandishi ya Kiarabu, kwa hiyo dada alimsimulia. Alipenda jinsi majirani walivyopelekeana sahani za chakula. Akasema hao ni Waswahili, wamepotea njia tu.

Mimi nilitilia shaka kila kitu. Katika tamthilia ile mpangaji mmoja alikutwa amelegea chumbani, na jirani akaja mbio na bakuli la maji ya figili zilizochachuka amnyweshe kama dawa. Nikadhani wametunga ili tulie. Nikaenda kusoma, nikakuta watu walifanya hivyo kweli. Nyumba nyingi za huko zilipashwa joto kwa makaa ya mawe yaliyosagwa na kufinyangwa duara, yenye matundu, yakichomwa chini ya sakafu. Sakafu ikipata ufa, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu hupanda chumbani, na watu hulala wasiamke.

Nikamwambia Bibi seredani itoke. Akacheka: nimepelekwa chuo kikuu nikarudi daktari wa Wakorea. Yale ni makaa ya mawe, akasema, na huu wa kwake ni wa mti, tena umeshika vizuri, hata moshi hautoi. Nikaiacha pale pale. Sikuwa na hakika.

Ijumaa moja, baada ya alasiri, niliingia na uji wa pilipili manga. Nikamuuliza dada kama mtoto amenyonya. Alinitazama kama aliyesahau mtoto ni yupi, kisha akasema kichwa kinamgonga. Nikamwinua mtoto. Mkono wake ukaning'inia.

Nilimshika dada kwa mkono wa pili. Bibi akasimama mlangoni.

"Unampeleka wapi mzazi na upepo huu?"

"Nje, Bibi. Nipishe."

"Arubaini haijesha. Wataka kumuua dada yako kwa mambo ya televisheni?"

Huenda nilikuwa nafanya hivyo hasa. Mtoto mchanga, baridi ile, na ushahidi wangu wote ni tamthilia na kurasa chache nilizosoma.

"Mwangalie mtoto," nikasema.

Akampapasa shavu, akambonyeza kidevu. Alimchukua mikononi mwangu, akatangulia yeye kutoka kwenda uani, peku, ushungi umemwanguka mabegani.

Dada alikaa chini kando ya mfereji, akatapika. Mtoto kimya. Bibi akawa anampulizia usoni na kusoma dua, anampulizia na kusoma, mpaka kikatoka kilio chembamba kama cha paka. Nikawasha gari. Njiani aliniuliza kama nyumbani kuna figili.

Daktari aliwapima damu, akawaweka kwenye oksijeni, akasema ni hewa ya mkaa. Walipona wote wawili. Ndipo Bibi akaniuliza lile swali, kwa sauti ya chini, macho yake kwenye mlango wa chumba walimolazwa.

Baadaye sana nilikwenda Unguja, nikaoneshwa chumba alichozaliwa mama. Dirisha lake lilikuwa nondo na mbao, halijapata kutiwa kioo, na ukuta ulikoma kabla ya kufika kwenye paa, upepo ukipita.