Mwanamke Aliyemwagilia Mawe

Nyumba ya Bi Sitara, Mtaa wa Swahili, ilikuwa na vyumba sita na midomo isiyopungua ishirini. Kwa hiyo Blandina alipoanza kumimina maji kila asubuhi kwenye chungu kilichojaa mawe, habari zilifika Mnazi Mmoja kabla maji hayajamaliza kuchuruzika. Wapangaji walisema Mchaga wa chumba cha nyuma amechanganyikiwa. Wenye roho nzuri kidogo walisema labda ni nadhiri ya kanisani kwao. Mwaka ule wa 1955 maji ya bomba yalikuwa ya kupangia foleni na kubeba debe kichwani, na kuyamwagia mawe lilikuwa jambo la kumkera hata mtu mpole.

Blandina hakuwa mwehu. Pale uani alijulikana kwa jina la Mama Josepha, mke wa Onesphory, yule mwenye duka la unga na maharage karibu na soko la Kariakoo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mchapakazi, na mwenye kinyongo cha kudumu. Hilo la mwisho sitalificha, maana bila kinyongo kile kisa hiki kisingekuwepo.

Kinyongo kilianzia Kibosho, mlimani Kilimanjaro, alikozaliwa. Mama yake alipofariki, kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa la familia, kilikwenda kwa kitinda mimba, Gaudens, kama ilivyo desturi. Blandina hakuwa na neno na desturi hiyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyembeba Gaudens mgongoni, akamtafunia hata vipande vya nyama kabla hajaota meno. Lakini mlangoni pa jiko la mama palikuwa na mringaringa mkubwa, na kwenye panda ya mti huo uliishi mmea usio na udongo, wenye majani manene na mizizi myeupe iliyolikumbatia gamba. Wasomi huuita okidi. Pale nyumbani uliitwa ua la mama. Maua yake meupe hayakunuka chochote mchana kutwa, lakini jua likizama tu, harufu yake tamu ilijaa mpaka ndani ya zizi. Mama alikuwa akiisikia, anaita watoto kutoka migombani: "Limeamka. Nendeni mkanawe mikono." Ndiyo ilikuwa saa yao ya chakula.

Msimu uliofuata kifo cha mama, Blandina alipanda basi kwenda kuliona kaburi. Akaukuta mringaringa umelala chini, nusu yake imekwisha kuwa mbao. Bei ya kahawa ilikuwa nzuri, Gaudens alikuwa anajenga nyumba ya bati, na nyumba ya bati inataka milango ya heshima. Mbuzi walikuwa wanatafuna matawi. Kati ya matawi hayo Blandina aliokota ua la mama, majani manne na mizizi iliyochanika, akalifunga kwenye kanga, akaondoka bila kumuaga mtu. Ndani ya basi aliapa moyoni kwamba ua lile likifa, na undugu na Gaudens umekufa.

Basi alipofika Dar es Salaam akafanya alichofundishwa na mlima wake. Mchaga hajui kupenda mmea bila kuulisha. Alitafuta udongo mweusi, akaomba samadi kwa Mhindi mwenye ng'ombe wa maziwa, akalizika lile ua ndani ya debe mpaka shingoni. Jani la kwanza likawa la manjano. Akaongeza samadi. La pili likalainika na kunuka vibaya. Akaongeza tena, na maji juu yake. Masikini, alikuwa anaua kwa mapenzi, na kadiri alivyozidi kuhangaika ndivyo lilivyozidi kuoza. Siku alipolichomoa akakuta mizizi imekuwa uji mweusi, alitoka nalo barabarani na kulitupa kwenye rundo la changarawe za mtoni zilizoletwa na lori kwa ajili ya ghorofa lililokuwa linajengwa jirani. Alirudi ndani, akalia mpaka Onesphory akafunga duka mapema.

Masika yalikuja. Asubuhi moja, akitoka bombani na debe lake, aliona pembeni mwa rundo lile, mahali ambapo makoleo ya mafundi hayajafika, kitu cha kijani. Aliinama na debe lake kichwani. Lilikuwa limebaki jani moja na kisiki, lakini chini yake ulitoka mzizi mpya, mnene, mweupe, ncha yake mbichi, umeshika jiwe na hautaki kuliachia.

Alikaa na jambo hilo siku nzima akipima maharage. Kumbe kule nyumbani hakuna aliyekuwa analilisha lile ua. Mama, aliyeijua njaa ya kila mgomba wake, hakuwahi kulipa hata konzi ya samadi. Lilishika gamba la mti, likanywa ukungu, likapigwa upepo likakauka, likanywa tena. Yeye alilifunika pua na mdomo kwa udongo, halafu akashangaa kwa nini halipumui.

Jioni alimfuata fundi Bakili, mtu wa Lindi aliyesimamia ujenzi, akamwomba changarawe kidogo. Bakili alimuuliza anajenga nini. Aliposikia ni za kupandia ua alicheka mpaka akashika kiuno, lakini akampa. Blandina alizichambua mwenyewe zenye ukubwa wa korosho, kwani zilizo ndogo zaidi zingeshikamana na kukaa na maji. Akazikosha mpaka vumbi lote likaisha. Akatafuta chungu kilichoachwa kwa kuvuja, akakitoboa matundu mengine kiasi kwamba hakikufaa tena hata kuwekea mkaa, akalitoa lile ua kwenye rundo na kulishikiza juu juu kwa mawe. Asubuhi alimwaga maji yakapita yote, na adhuhuri mawe yalikuwa makavu. Mara moja moja alilionjesha maji aliyooshea mchele, kidogo sana, kama mgonjwa anayeanza kula.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wapangaji walinung'unika, wakamtuma Bi Sitara, na Bi Sitara akaja na kumweleza kwa adabu zote za pwani kwamba nyumba yake ni ya watu, haina nafasi ya mawe yanayokunywa. Blandina alimjibu kwamba maji anayomwaga ni ya zamu yake ya kuoga. Ilikuwa kweli. Bi Sitara alimtazama, akaona kanga iliyofuliwa na uso uliooshwa kwa kikombe kimoja, akaondoka.

Majani yaliongezeka taratibu. Msimu wa pili likatoka shina jembamba lenye vifundo, na vifundo vikafunguka vikawa maua meupe yenye mkia mrefu. Wapangaji walipopita mchana walinusa, wakasema kazi yote hii kwa ua lisilonuka. Magharibi ilipoingia, Bi Sitara alitoka na mkeka wake wa kuswalia, akasimama kidogo. Tangu hapo alihamisha kiti chake cha jioni karibu na chungu, akidai kwamba upande ule una upepo.

Ni wakati maua yakiwa bado mtini, kama nitaruhusiwa kusema mtini, ambapo Gaudens alifika. Alikuja kwa basi la Korogwe, mavumbi mpaka kwenye nyusi, na mkononi alishika sale, lile jani refu ambalo Wachaga huliotesha mipakani na makaburini. Anayekuletea sale anaomba radhi, na ukishalipokea kesi imekwisha. Kwa hiyo asiyetaka kusamehe huichunga mikono yake.

"Shikamoo, dada," alisema Gaudens.

Blandina alikuwa anapepeta mchele. Hakuitika. Uani kila mtu alisikia kwamba hakuitika, na Bi Sitara akainamisha kichwa kwa aibu ya mgeni. Gaudens alikaa kwenye ukingo wa baraza, jani magotini. Alisema kwa sauti ya chini kwamba nyumba imekwisha, ila ule mlango wa mbele hapendi kuushika. Blandina aliendelea kupepeta. Jua likashuka nyuma ya mapaa ya makuti na bati.

Hakuna aliyemwonyesha chungu, nacho kilikuwa kwenye kona nyuma ya kiti cha Bi Sitara. Harufu ikaanza kidogo, halafu ikajaa. Gaudens aliinuka. Aliweka jani kwenye baraza, akaenda moja kwa moja penye debe la maji, akachota kwa kata, akaanza kunawa mikono, taratibu, kiganja kwa kiganja, kama alivyofundishwa akiwa mtoto. Ghafla akasimama, mikono ikichuruzika, akawa hajui kwa nini anafanya vile.

Ungo ukatulia mikononi mwa Blandina. Moyo wake, uliokaza tangu siku ile ya mbuzi, ulilegea wote kwa mara moja, ikamuuma kuliko hasira yenyewe.

"Marahaba, mdogo wangu," alisema.

Akaenda kwenye baraza, akaliokota lile jani mwenyewe. Walikula pamoja. Baada ya kula alimvutia kile chungu, akampapasisha mizizi katikati ya mawe, akamwambia kwamba ua lina chipukizi pembeni linaloweza kukatwa.

"Kule hutahitaji changarawe. Unalifunga kwenye mti tu. Mti unao?"

"Nimepanda mringaringa mwingine palepale. Lakini unanifikia gotini, dada. Hauwezi kubeba kitu."

"Basi litangoja hapa."

Gaudens alirudi Kibosho mikono mitupu, na Blandina akaendelea na zamu zake za bomba. Kiangazi kilichofuata maji yakawa ya shida zaidi, na Bi Sitara, akimsogezea kata ya maji yake mwenyewe, alimuuliza kama kuna siku atachoka kumwagilia mawe.

"Nangoja mti," alisema Blandina, akamimina.