Kilo tatu za mchele kwa kikombe cha chai: Mzee wangu alivyompikia mama yake

Wakuu, poleni na majukumu. Niko Kericho, mvua imetufungia ndani, basi wacha niwape hii ya nyumbani kwangu. Ni ukweli mtupu. Mwenyewe amekubali niandike, ingawa amenuna kidogo.

Nilijifungua kwa operesheni, msichana, tukamwita Chebet. Daktari akakataza kabisa nisisimame jikoni. Mzee wangu, baba mtoto, Kipkirui, akasema atapika yeye.

Sasa mama yake ni mtu wa kijijini, Kimulot, na kwa rika lao mwanaume haingii jikoni. Kusikia hivyo akapiga simu: Jumamosi anakuja na kina mama wa kanisa kuona mtoto.

"Na kama huyo ameshindwa kupika, Mama Chebet aamke. Nyumba haiwezi kulala njaa."

Mimi na mshono wangu, wakuu, niliogopa kweli.

Kipkirui ni karani kwa kituo cha kununua majani chai. Kutwa anatundika magunia kwa mizani. Lugha yake ni kilo.

Lakini nyumbani hatuna mizani, na mchele uko kwa gunia. Wageni ni kama ishirini, akaamua kilo tatu. Simu ikamwambia kilo moja ya mchele ni vikombe vitano. Akapiga hesabu yake, kumi na tano. Maji, simu ikasema lita saba. Hiyo akapima vizuri na jagi ya maziwa ya lita moja.

Nikamuuliza kutoka chumbani, "Baba Chebet, unatumia kikombe gani?"

"Kikombe ni kikombe, mama. Lala."

Nikalala.

Nyinyi wa mbali hamjui vikombe vya huku. Ukimwekea mgeni chai kwa kikombe kidogo anaona unamfukuza. Vyetu ni vile vya bati, ukishika ni mikono miwili.

Basi maji yalikauka mchele ukiwa bado mawe. Akaongeza maji. Ukafura, ukasukuma kifuniko. Akahamishia nusu kwa sufuria ya pili. Ukafura tena. Nikamsikia anafungua kabati polepole kama mwizi.

Wageni wakaingia wakiimba. Mama mkwe akapitiliza jikoni moja kwa moja. Akamkuta kijana wake na leso yangu kiunoni, anapakua wali kwa beseni jipya la kuogea mtoto.

Wimbo ukakatika. Nikashika kitanda, nikajikokota hadi mlango wa jikoni, maana nilijua nitaitwa nipike.

Mama akaonja. Akatafuna, akatafuna sana. Akasema, "Ongeza maji kidogo, funika, punguza moto. Wageni watangoja."

Kisha akachukua sahani, akaninyooshea kidole pale mlangoni, "Wewe rudi ulale."

Ulipoiva akaniletea mwenyewe, akakaa kwa kitanda.

"Nilizaa saba," akaniambia. "Hakuna siku mwanaume aliniletea sahani. Wacha apike. Hata akipika gunia, kula."

Nilikula nikilia, na wali wenyewe haukuwa na chumvi.

Baadaye nikachukua chupa ya mtoto, ile iko na alama za mililita. Kikombe cha simu ni kama chupa moja hivi. Kikombe chetu kilimeza chupa mbili na bado kikataka. Kwa hivyo bwana kilo alikuwa amepika zaidi ya kilo sita kwa maji ya kilo tatu.

Funzo, wakuu: kama huna mizani, achana na kilo. Chagua kikombe kimoja, chochote, mchele kimoja, maji viwili. Usipime mchele kwa kikombe halafu maji kwa lita.

Haya, mnaojua mapishi nirekebisheni. Na wanaume wa hapa jukwaani msipite kimya kimya. Mara ya mwisho kumpelekea mama watoto sahani ilikuwa lini?