Utando wa Paneli za Kanyangi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kiboko, Fundi Mkuu alinikabidhi ngazi na kuniamuru nipande paa kabla sijanywa hata chai. Tangu hapo sijui kutulia. Mke wangu husema hata kanisani mguu wangu unacheza. Nilifunga paneli za sola Matiliku, nikahamishiwa Kanyangi, na huko, karibu na kustaafu, nikaletewa utando.

Utando ni plastiki nyembamba yenye kemikali, hubandikwa juu ya paneli. Kuna miale mikali ya jua isiyoonekana kwa macho, ile ya urujuanimno, ambayo paneli huipoteza karibu yote. Utando huinasa na kuigeuza kuwa mwanga mwekundu ambao paneli inaweza kuutumia. Kwa maneno, ni raha tupu.

Pampu ya kisima cha Kanyangi ilizimika kila alasiri kina mama wakiwa bado kwenye foleni. Mkurugenzi wa mradi angeweza kununua kitu kimoja tu: paneli zaidi, au utando. Nikafunga paneli mbili za majaribio, moja na utando, nyingine bila. Kwa miezi kadhaa, kila wiki mita ilionyesha utando uko mbele, tena mbali. Nikampigia simu nikicheka.

"Basi ni utando," akasema. "Ijumaa naandika ripoti."

Alhamisi nilimkuta Mwaitu Syombua, yaani Mama Syombua kwa Kikamba, mlinzi wa kisima, akipanguza paneli yenye utando kwa leso yake.

"Mwaitu, unafanya nini?"

"Si hii ndio ya utafiti? Naipanguza kila asubuhi. Wageni wakikuja waikute na vumbi, nitaficha uso wapi?"

"Na hii ingine?"

"Hiyo ulisema ni ya kawaida tu."

Miezi yote hiyo nilikuwa napima leso. Nilitaka kumfokea, kisha nikaona aibu: sikuwahi kukaa naye nimweleze kazi yenyewe.

Ijumaa nilimwambia Mkurugenzi kila kitu.

"Mzee, nikiandika hivi jina lako litaharibika."

"Andika. Wale mama wanangoja maji."

Tukanunua paneli, na pampu ikaanza kufanya kazi hadi jioni. Majaribio hayakurudiwa, nami nikastaafu.

Je, utando ule unafanya kazi? Sijui, na kutojua huko kunaniwasha mwili mzima. Atakayelipata jibu asingoje kulisimulia kwenye mazishi yangu. Anipigie leo, niko hapa nyumbani, nazungukazunguka tu.