Nitume Vizuri, Baba

Mimi si mtu wa kukaa. Wiki ile nilipopanda Mbinga kutoka Lipingo na kapu la usipa mkavu, nilikalia benchi la mlangoni mwa maktaba ya chuo, na kila nikijituliza, miguu inataka kuondoka bila mimi. Mjukuu wangu alikuwa kwenye majaribio. Nimemlea mwenyewe tangu ana uji mdomoni, na shule kasoma kwa samaki wangu. Walichukuliwa wawili, yeye na kijana mmoja wa mjini, wafundishwe kujibu maswali ya wasomaji, na Ijumaa mkuu wa maktaba angebakiza mmoja. Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni imerudi madukani, mitumba imefurika sokoni, lakini kazi za ofisini watu wanapunguzwa. Akikosa pale, anarudi ziwani kuanika usipa na mimi. Sikumsomesha kwa ajili hiyo.

Mkuu wa maktaba alikuwa mama wa Kimatengo kutoka Maguu, mwenye sauti ya chini kama yuko kanisani.

“Msomaji akija,” aliwaambia, “swali lake la kwanza ni kubisha hodi tu. Usikimbilie makabati. Muulize mpaka akuonyeshe anachotaka.”

Yule kijana akauliza watu kama polisi wa barabarani. Mjukuu wangu hakuuliza mtu kitu.

Jumatano akaingia mkufunzi mzee, kichwa mvi tupu.

“Shikamoo, baba.” Goti la mjukuu wangu likashuka.

“Marahaba, mwanangu. Nitafutie kitabu cha kahawa.”

Mbio. Akavuta droo ya kadi za vitabu, akapotelea makabatini, akarudi na kitabu cha kupogoa kahawa. Mzee akakigeuza huku na huku, akashukuru, akakiacha pale mezani, akaenda zake. Mtu amezaliwa ndani ya shamba la kahawa, leo umfundishe kupogoa?

Mkuu wa maktaba akaja kwenye benchi langu.

“Bibi, binti yako ana adabu, na kadi anazijua. Lakini haulizi. Nimesema jana, nimesema leo. Ijumaa nifanyeje?”

“Mkubwa haulizwi,” nikamjibu. “Ndivyo nilivyomlea.”

“Hata mimi Maguu nililelewa hivyo hivyo. Basi tukae na adabu zetu, na vitabu vikae na vumbi lake.”

Nikatoka. Nilizunguka soko la Mbinga nisinunue kitu, nikishika vitenge na kuviacha, mpaka muuzaji mmoja akaniuliza kama nimepoteza mtoto. Nikamwambia bado. Nimgeuze mjukuu wangu awe wa kuhoji wazee wenye mvi? Siwezi. Nimwache arudi kuanika usipa? Hilo nalo siwezi.

Ndipo nikamkumbuka baba mkwe wangu wa kule kijijini Kihagara. Alikuwa mkali kama pilipili. Anakwambia, “Lete jembe,” na ukutani yameegemea majembe ya ukoo mzima. Wewe, mke wa mwanawe, utamuuliza lipi? Thubutu. Unapiga goti, unasema, “Nitume vizuri, baba, nisije nikakuletea lisilo lako.” Hapo hujamuuliza. Umeomba kutumwa. Naye anaeleza mwenyewe, lile la mpini mrefu, la matuta ya mihogo, na kwa nini lile jingine halifai. Hakuwahi kunifokea kwa neno hilo.

Jioni ile, chumbani alikopanga mjukuu wangu, nilivaa koti lake la mitumba, nikaweka mkono mmoja nyuma, wa pili nikijikuna kidevu.

“Mimi mkufunzi. Nataka kitabu cha samaki.”

“Bibi, wakufunzi hawajikuni hivyo.”

“Huyu anajikuna. Jibu.”

“Nitume vizuri, baba, nisije nikakuletea kisicho chako.”

“Nataka kujua kwa nini usipa mwaka huu umeadimika ziwani.”

“Hilo hata kitabu hakilijui.”

“Basi sema hujui, na twende tukatafute. Usininyooshee kidole makabatini.”

Tulirudia mpaka koti likanibana makwapa.

Kesho yake mzee akarudi. Mimi benchi lilinishinda, nikasimama nyuma ya mlango. Goti likashuka.

“Nitume vizuri, baba. Jana nilikuletea kisicho chako.”

Mzee akavua kofia, akavuta kiti. Yakamtoka yote. Wanachuo wake ni watoto wa wakulima. Wanamuuliza kwa nini siku hizi wanunuzi binafsi wanafuata kahawa mpaka shambani, wakati zamani ilikuwa ushirika peke yake, na yeye hana jibu la kuwapa. Mjukuu wangu hakugusa kitabu cha kilimo. Alimpeleka kwenye marundo ya magazeti, wakafunua pamoja, na mzee akasoma mpaka kengele ikalia. Mkuu wa maktaba alikuwa anapanga kadi zilizokwisha kupangwa.

Ijumaa akambakiza mjukuu wangu. Yule kijana alipata kazi kwenye duka la vifaa vya shule. Huko maswali yake yatamfaa.

Krismasi mjukuu wangu akateremka Lipingo, kavaa viatu vya kisigino kwenye mchanga. Chakula kimeiva, nikamwambia alete sahani. Akapiga goti.

“Nitume vizuri, bibi. Za bati au za udongo? Za wageni au zetu?”

Samaki wanapoa, mtu ananihoji nyumbani kwangu. Nikamwambia alete zozote. Lakini nilipogeukia ua wa jirani nilipaza sauti asikie vizuri: huyo ni mkutubi, wenzenu kazini ndivyo wanavyofanya.